SAUTI ILE ILITOKA WAPI?



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka jarida hili linapoandaliwa, walimu hutakiwa kuandika jambo lenye manufaa. Mwaka huu tumeona tusiandike mawaidha matupu, bali tuwasimulie kisa kilichotupata sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi hapa hapa Buigiri, tukikaa kwenye mikeka hii hii mnayoikalia ninyi leo. Ni kisa cha redio ya gari, kopo la maziwa, na kosa ambalo hadi leo tukilikumbuka tunainamisha vichwa.

Ulikuwa mwaka 2006. Wazazi wenu wanaukumbuka mwaka huo kwa ukame na mgao wa umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalipungua sana na nchi nzima ikakaa gizani kwa zamu. Kwetu sisi giza halikuwa geni, kwani nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabu. Lakini hata wale waliozoea kutazama televisheni walirudi kwenye redio za betri, na jioni baada ya Magharibi ungepita njia yote ya kijiji ukisikia taarifa ya habari ile ile kutoka kila mlango.

Tulikuwa wanafunzi wanne wa darasa la juu la madrasa. Jamaa mmoja wa msikitini alikuwa na redio iliyong'olewa kwenye pikapu ya Kijapani iliyopata ajali. Akatupa, akasema, "Chezeeni hiyo, haina kazi." Na kweli haikuwa na kazi kubwa. Redio za magari ya Japani enzi hizo FM yake ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati vituo vyetu vingi viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mafundi wa redio za magari hufunga kijisanduku kidogo kwenye waya wa antena, kikateremsha masafa ya vituo vyetu mpaka pale redio ya Kijapani inapofika. Redio yetu haikuwa na kijisanduku hicho. Kilichobaki ni AM, yaani masafa ya kati, tangu kilohezi 522 hadi 1,629.

Sisi tulitaka masafa mafupi, yale yenye alama ya SW kwenye redio za wazee. Enzi hizo dunia yote ilikuwa ikisema Kiswahili kwenye masafa mafupi. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, BBC ya London mwaka 1957, Beijing mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Lakini zaidi ya hao wote, tuliitaka Zanzibar. Ustadhi wetu alikuwa amesoma huko, na kila Ramadhani alikuwa akitusimulia jinsi watu wanavyokaa na redio kusubiri habari ya mwandamo. Zanzibar ilikuwa ikirusha kwenye kilohezi 11,735. Redio yetu ilikoma 1,629. Tutafikaje?

Fundi mmoja wa redio mjini Dodoma ndiye aliyetufungua macho. Alituuliza, "Kile kijisanduku cha FM kwenye magari ya Japani mnakijua?" Tukasema tunakijua. Akasema, "Basi jengeni ndugu yake."

Hebu fuatilieni hesabu hii, maana ni nyepesi kuliko mirathi. Ukichukua mawimbi mawili ya redio ukayachanganya ndani ya transista, hutoka mawimbi mapya, na mojawapo ni tofauti ya yale mawili. Kwa hiyo ukiwa na wimbi la Zanzibar la kilohezi 11,735, na wewe ukatengeneza wimbi lako dogo la kilohezi 11,059, tofauti yake ni 676. Na 676 ipo ndani ya AM ya redio ya gari. Redio haijui kwamba imeletewa mgeni kutoka masafa mengine. Inamsikia kama mwenyeji.

Wimbi la kudumu namna hiyo hutengenezwa kwa kristali, kipande kidogo cha jiwe la kwazi ndani ya ganda la bati, ambacho hutetema kwa kasi moja isiyobadilika. Fundi alikuwa na modemu mbovu ya kompyuta, na ndani yake mlikuwa na kristali iliyoandikwa 11.0592. Akatupa bure. Transista mbili tulizing'oa kwenye redio mbovu. Koili tuliisokota kwa mkono juu ya kasha la kalamu, na tukaifunga na kapasita ya kuzungusha, ile ambayo zamani ilikuwa ya kutafutia vituo. Kazi ya viwili hivyo ni kuchuja, wapite wageni wa masafa tunayoyataka na wengine wabaki nje. Pasi ya kulehemu hatukuwa nayo. Tulipasha msumari mnene kwenye jiko la mkaa, na vidole vyetu vilipata habari yake.

Vyote hivyo tulivipanga juu ya kipande cha ubao. Antena ilikuwa waya wa shaba wa mita kumi na tano hivi, kutoka tawi la mbuyu mpaka nguzo ya choo cha madrasa. Kutoka kwenye ubao hadi kwenye redio tuliunga waya wa kawaida wenye urefu wa kama mita moja. Fundi alikuwa ametuambia, "Ubao huo uwekeni ndani ya kopo la bati, na waya wa kwenda kwenye redio uwe ule wa antena ya televisheni, wenye gamba la shaba." Sisi tukaona hayo ni mapambo. Tukasema tutayafanya baadaye.

Wiki tatu tulisikia mluzi tu. Kisha usiku mmoja, baada ya kugeuza waya mbili tulizokuwa tumezikosea, ikaingia sauti ya Kiarabu, inapanda na kushuka kama mtu anayesema huku upepo unavuma. Tulinyamaza kimya. Hatimaye mtangazaji akataja jina la kituo chake, na lilikuwa Cairo. Kutoka Cairo mpaka Buigiri ni kama kilomita elfu nne kwa mstari ulionyooka, na sauti ile ilikuwa imetua juu ya mbuyu wetu. Mmoja wetu alisujudu sijda ya shukrani pale pale vumbini. Ustadhi akaja na kanzu ya kulalia, akasikiliza, akasema, "Maashaallah, vijana. Lakini somo la kesho mmelihifadhi?"

Tangu usiku ule tuliiamini redio yetu. Hapo ndipo lilipo kosa letu, ndugu msomaji. Kwa kuwa ilituletea jambo la kweli mara moja, tulidhani kila itakalotuletea ni kweli.

Ramadhani mojawapo iliyofuata, ulipofika usiku wa kuangalia mwezi, mawingu yalitanda upande wa magharibi na hapa kijijini hakuna aliyeona kitu. Imamu alisema, "Tunasubiri tangazo. Likija tutawaambieni, lisipokuja kesho tunafunga." Watu wakaswali Isha na Tarawehe, wakaenda majumbani.

Sisi wanne tulibaki chini ya mbuyu na redio yetu. Tuliipeleka sindano pale tulipokuwa tumeweka alama ya Zanzibar kwa kucha. Sindano yenyewe ilikuwa nene kama kijiti cha kiberiti. Kulikuwa na kelele, kisha qaswida, kisha sauti ya Kiswahili kizuri ikisoma salamu, ikiwatakia Waislamu wote Iddi njema. Kisha qaswida tena, na kelele ikafunika kila kitu.

Hatukusubiri. Hatukumsikia mtangazaji akitaja kituo, wala hatukusikia neno lolote kwamba mwezi umeonekana. Tulisikia "Iddi" mahali tulipoamini ni Zanzibar, basi. Tukatoka mbio, wawili upande huu wa barabara kuu na wawili upande ule. "Mwezi umeandama! Zanzibar wametangaza! Tumesikia wenyewe!" Tulipofika nyumbani kwa imamu tulikuwa tumekwisha kupita nyumba tisa. Yeye alituuliza swali moja tu: "Nani kasema?" Tukajibu, "Redio." Akatutazama kwa muda, akasema, "Redio ni bati. Nimeuliza nani kasema." Hatukuwa na jibu. Akatuamuru turudi tulikopita tukawaambie watu wasubiri. Tulirudi, lakini taa zilikuwa zimezimwa katika nyumba kadhaa, na sisi tukaona haya kugonga. Tukajiambia kwamba huenda habari ni ya kweli.

Haikuwa ya kweli. Tangazo la Iddi halikuja usiku ule, na alfajiri imamu akatangaza kwamba tunaendelea kufunga.

Katika nyumba zile alikuwemo mama mmoja mjane, mwuza maandazi, mwenye watoto wadogo wanne. Aliposikia habari yetu hakulala. Alikanda unga wote aliokuwa nao, akakaanga usiku kucha, maana Iddi ndiyo siku yake ya kuwapelekea majirani. Daku hakula, na niya ya kufunga hakuiweka. Asubuhi akanywa chai na watoto. Saa mbili akatoka na sinia kichwani, amevaa kanga mpya, akielekea msikitini. Pale uwanjani aliwakuta wazee wamekaa na misahafu yao, hakuna takbira, hakuna zulia nje. Tulikuwapo, tukamwona anavyosimama. Aliteremsha sinia polepole, akaifunika kwa ncha ya kanga, akageuka na kurudi bila kusema neno. Hatutaisahau sinia ile.

Ustadhi hakutupiga. Alitupeleka kwa babu mmoja asiyeona aliyekuwa akiishi ng'ambo ya barabara. Kijiji chetu kinajulikana mbali kwa shule yake ya wasioona, na wasioona wa Buigiri tunawajua kwa masikio yao. Babu huyu aliijua redio kama sisi tunavyojua njia ya kisimani. Tulimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia, kisha akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akasema tuilete hiyo redio.

Jioni ile tulimfungia kila kitu uani kwake, tukatandaza antena juu ya paa. Tukaipeleka sindano kwenye alama yetu. Zikaja sauti za Kiswahili. Babu alisikiliza muda mfupi kabisa, akacheka kidogo.

"Hicho kidude chenu cha ubao kinatumia betri yake?"

"Ndiyo, Babu."

"Kitoeni betri."

Tukatoa. Ndugu msomaji, sauti haikuondoka. Iliendelea kusema vile vile, kana kwamba hatukugusa kitu. Konveta yetu ilikuwa imekufa na "Zanzibar" yetu ilikuwa bado inazungumza.

Babu akachukua redio yake ndogo ya betri, akazungusha kidogo kwenye masafa ya kati, na sauti ile ile, neno kwa neno, ikatoka humo. "Hii ni Radio Tanzania, kutoka Dar es Salaam," akasema. "Salamu zenu za Iddi nami nilizisikia jana. Zilikuwa salamu tu. Watu huziandaa mapema."

Hapo tukaelewa. Radio Tanzania ilikuwa kwenye kilohezi 657. Zanzibar yetu ilitakiwa kuwa 676. Sindano nene kama kijiti ilizifunika zote mbili. Na ule waya wa mita moja tulioudharau, usio na gamba, ulikuwa umegeuka antena yenyewe. Kituo cha masafa ya kati chenye nguvu kilikuwa kikiingia hapo moja kwa moja, bila kupita kwenye konveta wala kubadilishwa na chochote. Tulidhani tunamsikia wa mbali, kumbe ni wa karibu aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake tulifanya yale tuliyoambiwa tangu mwanzo. Tulitafuta kopo la maziwa ya unga, tukauweka ubao ndani, tukalehemu gamba la waya wa televisheni kwenye bati pande zote mbili. Tulipotoa betri safari hii redio ilikaa kimya kama kaburi, isipokuwa mnong'ono mdogo sana. Tulipoirudisha, wageni wakarudi.

Lakini kabla ya hapo tulikuwa na kazi nyingine. Ustadhi alitwambia, "Mlipokwenda mbio na uongo, nendeni kwa miguu na ukweli." Tulipita nyumba zote tisa, moja moja. Wengine walitucheka, wengine walitukaripia, na mzee mmoja alitufungia mlango. Kwa yule mama tulikwenda mwisho, kwa sababu tuliogopa. Alikuwa amejizuia kula siku ile tangu alipopata habari ya kweli, kama imamu alivyomweleza, na alijua ana siku moja ya kulipa. Tulimwomba radhi, na tukampa unga wa ngano kilo nne tulizozichangia. Akapokea. Kisha akasema, "Wanangu, deni la siku moja nitalilipa, inshaallah. Lakini siku nyingine mkisema mmesikia, semeni na mliyemsikia."

Tumesoma vitabu baada ya hapo, Alhamdulillahi, na tumekaa mbele ya masheikh. Somo la sanadi, yaani msururu wa wapokezi wa hadithi, tulilisoma kwa miaka. Lakini tunaona kwamba mlango wake tulifunguliwa na mama yule, akiwa amesimama na mikono yenye unga. Wanavyuoni wetu hawakuuliza tu, "Maneno ni yapi?" Waliuliza pia, "Umeyapata kwa nani, naye kwa nani, na je, walikutana?" Allah (s.w.) katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya na tabia ya kusimulia kila tunalolisikia. Sisi aya ile tulikuwa tumeihifadhi kwa tajwidi nzuri wakati tunakimbia usiku ule.

Je, Zanzibar tuliipata? Usiku hatukuipata kabisa, hata baada ya kopo. Fundi alituelezea kwamba masafa mafupi hupanda juu angani na kurudishwa chini, na mara nyingi hasa usiku huruka juu ya walio karibu na kutua kwa walio mbali. Sisi tuko kama kilomita 350 tu kutoka Zanzibar, ndani ya ule uwanja unaorukwa. Lakini jioni moja baada ya Iddi, kabla ya Magharibi, sindano ikiwa kwenye alama, ilisikika sauti nyembamba ya taarabu. Tulimwita Babu. Tulisubiri, na safari hii hakuna aliyesema neno. Nyimbo mbili zilipita. Kisha mtangazaji akasema: Sauti ya Tanzania Zanzibar.

Tukamtazama Babu. Alinyoosha mkono mpaka akaligusa lile kopo, akaifuata waya kwa vidole, akaichomoa betri mwenyewe. Kimya. Akairudisha. Taarabu ikarudi. Akaichomoa tena, akairudisha tena. Kisha akatikisa kichwa na kusema, "Haya. Hii sasa ni ya mbali."

Babu ametangulia mbele ya haki. Allah (s.w.) amrehemu na ampe nuru kaburini mwake.

Wapenzi wanafunzi, ninyi hamuhitaji mbuyu wala kristali. Simu ya mzazi inaleta sauti za dunia nzima, na usiku wa mwandamo huleta habari ishirini kwa saa moja, kila moja ikiwa imeandikwa "sambaza". Tunawaomba mfanye kama Babu. Kwanza, subirini msemaji ajitaje. Pili, isikilizeni habari hiyo kwa njia nyingine. Tatu, chomoeni betri: yaani ondoeni ile hamu yenu ya kutaka iwe kweli, kisha mtazame kama bado kuna kitu kilichobaki. Mkifanya hayo na mkachelewa kuwa wa kwanza kuitangaza habari, hamkukosa kitu. Sisi tulikuwa wa kwanza usiku ule, na gharama ililipwa na mama mjane.

Kopo lile bado tunalo, limeshika kutu, liko kwenye kabati la ofisi ya madrasa. Anayetaka kuliona aje baada ya Alasiri, na aje amehifadhi somo lake.